Nusu saa niliyoiomba

Saa nane mchana, Jumapili moja ya mwezi wa Novemba, kaka yangu mkubwa alikuwa amesimama kwenye maji ya magoti, ameshika ukingo wa boti, macho yako kwenye milima ya upande wa Minova. Namwita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu hapa Goma. "Tupakie vitu," akasema. "Ile mvua iko inakuja." Mimi nilikuwa nageuza samaki wa mwisho kwenye makaa. Nikamjibu, "Yaya, nusu saa tu. Watoto hawajashiba." Mama akaniunga mkono, na Yaya si mtu wa kubishana na Mama. Akaja kukaa nasi kwenye kitenge, lakini hakula.

Miaka kadhaa imepita. Watu wa nyumbani wanaposimulia habari ya siku ile huanzia kwenye mawimbi. Mimi huanzia kwenye samaki, kwa kuwa mawimbi yaliyotukuta yalikuwa yameshapangwa tangu pale.

Boti ilikuwa ya faiba, mita sita, haina paa, ina mota ndogo ya kufungwa nyuma. Yaya aliinunua kuukuu pamoja na rafiki yake kwa matembezi ya Jumapili tu: kwenda kuogelea na kula mbali na vumbi la mjini. Siku ile tulikuwa watu wanane katika boti ya watu sita: Yaya na mkewe, watoto wao watatu, Mama, mdogo wetu wa kiume na mimi. Jile, yaani makoti ya kuokolea, zilikuwa tano. Shemeji aliwavalisha watoto tangu nyumbani, na walipolalamika joto hakuwasikiliza. Zile mbili zilizobaki zilikuwa chini ya kiti cha mbele, juu yake sufuria, juu ya sufuria mfuko wa viazi. Asubuhi Ziwa Kivu lilikuwa kama kioo. Kutoka Himbi, mtaa wetu hapa Goma, hadi ile ghuba ndogo iliyo mbele ya Bulengo tulikwenda bila hata tone kuruka ndani.

Tulipoondoka ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Nakumbuka jambo moja nililoliona nikizima makaa, nisielewe maana yake. Mchana wote upepo mwanana ulikuwa unatoka ziwani na kuulaza moshi kuelekea nchi kavu. Sasa moshi ulikuwa unapanda wima kama uzi. Upepo ulikuwa umekatika kabisa. Nilifurahi, nikidhani tutarudi kwenye maji matulivu.

Hatukufika robo saa. Kwanza tulisikia baridi ya ghafla mgongoni na harufu ya udongo uliolowa, ingawa juu yetu jua lilikuwa bado linawaka. Kisha kwenye maji, upande wa kusini-magharibi, ulitokea mstari mweusi unaotujia. Mama aliuliza kama ni samaki. Ulikuwa upepo. Ulitufikia kwa mkupuo mmoja, ukachukua kofia ya mtoto na mfuniko wa sufuria, na dakika chache baadaye mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni.

Sasa fikiria tulivyokaa. Tunakwenda mashariki, nyumbani. Upepo unatoka kusini-magharibi, umepita juu ya kilomita nyingi za maji wazi. Kushoto kwetu ni ufuko wa kaskazini, na wanaoujua ufuko huu wanajua si mchanga, ni mawe ya volkano, meusi, yenye makali kama chupa iliyovunjika. Upepo unatusukuma huko huko. Sote tulikuwa tunapiga kelele: Yaya, pandisha ufukweni! Nchi kavu tunaiona, tunawaona hata watu. Na Yaya akafanya kitu kilichotufanya tudhani amerukwa na akili. Aligeuza boti, akaupa mgongo ufuko na kuelekea katikati ya ziwa, uso kwa uso na mawimbi, akapunguza mota hadi ikabaki inasukuma tu kiasi cha kutushikilia mahali. Mdogo wetu alimshika mkono kumzuia. Yaya alimsukuma akaanguka juu ya mfuko wa viazi.

Alikuwa sahihi. Mbele ya boti ndipo penye kifua, pamejengwa kupasua maji. Ubavu hauna kifua. Na boti inayokaribia mawe huku ikisukumwa na upepo ina mwisho mmoja, mota iwake au isiwake. Lakini hayo mtu anayaelewa akiwa amekaa kwenye kiti. Mwenye mtoto mapajani anaiona nchi kavu kuwa ndio uzima, hata kama nchi kavu yenyewe ni wembe.

Kilichotushinda ni uzito. Tulikuwa wanane na vyombo vyetu, ukingo umekaa karibu na maji, kwa hiyo kila wimbi la tatu au la nne lilituachia ndoo moja ndani. Baadaye nilifanya hesabu. Boti ya mita sita kwa mita moja na nusu, ikiwa na maji ya kina cha sentimita kumi tu ndani yake, imebeba karibu kilo 900. Tena si mzigo unaotulia kama gunia. Boti ikilala kidogo upande mmoja, maji yote yanakimbilia upande huo huo na kuilaza zaidi. Tulikuwa tunateka kwa sufuria na kwa viatu. Halafu mota ikakohoa, ikazima. Bila mota kichwa cha boti kiligeuzwa, tukapigwa ubavu mara moja, mara mbili, na ya pili ilitumwaga.

Sitaeleza yote ya ndani ya maji. Nitasema kwamba boti haikuzama, iliinama, ikajaa, ikabaki inaelea kwa kimo cha kiganja juu ya maji, na Yaya alikuwa anapaza sauti ile ile bila kuchoka: "Musiache boti! Musiache boti!" Mdogo wetu alitaka kuogelea kwenda ufukweni, anajua kuogelea sana. Yaya alimkamata shati. Mama alikuwa amekumbatia bidoni tupu la mafuta. Nilikuwa nimeshika mkanda wa jile ya binti mdogo, na meno yake yalikuwa yanagongana kwa nguvu hata nikayasikia katikati ya ule upepo. Maji ya Kivu si ya barafu, juu yanafika nyuzijoto 24 hivi, lakini maji hunyonya joto la mwili mara 25 kuliko hewa, na mtoto ni mdogo, joto lake linakwisha upesi. Zaidi ya hayo, tuko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mvua yetu ni mvua ya mlimani.

Waliotuokoa ni wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa. Walikuwa wamejificha nyuma ya rasi na mitumbwi yao mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zao tayari kwa usiku, wakingoja upepo upite. Walituona tangu tulipogeuka. Upepo ulipolegea, kama nusu saa baada ya kuanza, walikuja wakipiga kasia na kuimba, wakatubeba mmoja mmoja kama magunia. Mkubwa wao, mzee mwenye ndevu nyeupe, alimfunika mtoto kwa koti lake, kisha akamuuliza Yaya swali moja tu: "Mulitoka saa ngapi?"

Swali hilo ndilo lililonifundisha. Hakuuliza mota ya aina gani, wala kama tulikuwa tumekunywa. Aliuliza saa. Kwake yeye kila kitu kingine kilikuwa jibu la hiyo saa.

Mwezi uliofuata nilinunua daftari la shule, nikaanza kuandika. Nyumba yetu inaona ziwa. Kila siku niliandika: asubuhi ziwa likoje, upepo umeanza saa ngapi, umetoka wapi, umekatika lini, volkano ya Nyiragongo inaonekana au imefunikwa, mvua imeanzia wapi. Nilifanya hivyo mwaka mzima na miezi kadhaa zaidi. Na taratibu nikaona kwamba ziwa lina ratiba karibu kama ya soko.

Asubuhi mapema kunakuwa na ukimya, au upepo mdogo unaoshuka kutoka nchi kavu kwenda majini. Jua likipanda, ardhi ya Masisi na Kalehe inapata moto haraka kuliko maji. Hewa ya huko inainuka, na ya ziwani inaingia kuchukua nafasi yake. Huo ndio upepo wa mchana uliokuwa unalaza moshi wangu. Ile hewa yenye unyevu inapofika kwenye milima inapandishwa juu, inapoa, inajenga yale mawingu marefu yenye vichwa kama koliflawa. Mvua inapoanza kushuka ndani ya wingu, inashusha pamoja nayo hewa baridi, nzito. Hewa hiyo ikigonga chini inasambaa pande zote kama ndoo ya maji uliyoimwaga sakafuni, na inatangulia mvua yenyewe kwa dakika nyingi. Ndiyo ile baridi ya mgongoni. Na ule ukimya uliotangulia, moshi uliosimama wima, ulikuwa dakika ambayo upepo mmoja umekwisha na mwingine haujafika.

Katika miezi ya mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, na mapumziko yake mafupi karibu na Januari, daftari langu linarudia jambo hilo tena na tena: asubuhi kioo, mchana wingu, alasiri ngurumo. Kiangazi, Juni hadi Agosti, ni habari nyingine. Mvua hakuna, anga ni la vumbi, watu wanaliona ziwa kuwa salama. Lakini ndio wakati upepo wa kusini-mashariki una nguvu na unadumu. Wimbi hulelewa na vitu vitatu: ukali wa upepo, muda ambao umevuma, na umbali wa maji wazi ulioupitia. Kutoka ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Idjwi hadi Goma ni zaidi ya kilomita 20 bila kisiwa kingine cha kuukinga ufuko wetu. Kwa hiyo siku ya jua kali ya Julai, bila wingu hata moja, inaweza kuyatupa mawimbi juu ya mawe ya Himbi kutwa nzima. Dhoruba ya Novemba inakufa baada ya saa moja. Upepo wa Julai hauna haraka.

Kuna hesabu moja iliyonitia hofu kuliko zote. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 15 kwa saa unapepea nguo kambani. Ukifika kilomita 60, kama unavyoweza kufika mbele ya ngurumo, nguvu yake imekuwa mara 16. Mwili wa binadamu haujazoea kufikiria hivyo. Unaona upepo "umeongezeka kidogo", kumbe umeshaingia mahali pengine kabisa.

Nilianza pia kusoma kuhusu boti za starehe baharini, kwa sababu kwetu vinavyozungumzwa ni vifo vya boti za abiria tu. Nilikutana na mashindano ya Fastnet ya Agosti 1979. Mashua za tanga 303 ziliondoka Uingereza kuelekea mwamba wa Fastnet, kusini mwa Ireland, zikakutwa na dhoruba njiani. Mabaharia 15 wa mashindano walikufa. Mashua 24 ziliachwa na watu wake, na kati ya hizo ni tano tu zilizozama. Zingine zilikutwa baadaye zinaelea. Niliisoma sentensi hiyo usiku, nikaamka, nikampigia Yaya simu kumsomea. Alinyamaza muda mrefu. Kumbe aliposhika lile shati hakuwa anafuata kitabu. Alikuwa anakumbuka alivyoambiwa na baba yetu. Baada ya mashindano yale wataalamu walijaribu vielelezo vya mashua kwenye maji, wakaona kwamba wimbi linalovunjika, lenye kimo cha karibu asilimia 30 ya urefu wa mashua, likiipiga ubavuni linaweza kuilaza hadi mlingoti uzame. Hizo ni mashua zenye sitaha na uzito chini. Boti yetu iliyo wazi kama bakuli haikuhitaji wimbi la namna hiyo.

Nikasoma pia ripoti za kila mwaka za walinzi wa pwani wa Marekani juu ya boti za starehe. Humo nilikutana na jambo ambalo mwanzoni nililiona halina mantiki: ajali nyingi hutokea maji yakiwa matulivu, upepo mdogo, watu wanaona mbali. Nililitafakari sana. Sehemu yake ni wazi: siku mbaya watu wengi hubaki nyumbani, kwa hiyo siku nzuri ndizo zenye boti nyingi majini. Lakini sehemu nyingine nimeiishi. Hali nzuri ndiyo inayokutoa nyumbani na watu wanane. Ndiyo inayoweka jile chini ya sufuria. Ripoti hizo hizo zinasema kwamba kati ya waliozama, zaidi ya wanane katika kila kumi hawakuwa wamevaa jile. Tungepigwa picha asubuhi ile, mtu yeyote angesema hii ni familia salama.

Kuhusu radi nitasema kidogo, ingawa ni jirani yetu. Mwaka 2016 watafiti waliotumia vipimo vya setilaiti walitoa orodha ya mahali panapomulikwa na radi kuliko pote duniani. Pa kwanza ni Ziwa Maracaibo huko Venezuela. Pa pili waliandika Kabare, hapa hapa mashariki ya Kongo: zaidi ya mara 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Kwenye boti isiyo na paa, katikati ya ziwa, kitu kirefu kuliko vyote ni kichwa chako. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Lakini ukishaanza kuhesabu ukiwa majini, umechelewa kuondoka.

Na simu? Watu wananiuliza sana: si tuna utabiri kwenye simu siku hizi? Ninautumia. Kwa upepo wa kiangazi unanisaidia, kwa sababu ule ni upepo mkubwa, unashika ziwa lote. Kwa ngurumo ya Novemba inayozaliwa juu ya kilima kimoja saa saba na kufa saa kumi, simu inaniambia tu kwamba leo inawezekana. Hiyo inatosha kuamua saa ya kurudi. Haitoshi kuamua kuongeza nusu saa.

Asubuhi nayo ina hatari yake, na wageni wanaokuja kupiga kambi ufukweni hawaambiwi. Pale usipokuwa na upepo, usiku na alfajiri, ndipo mazuku hujikusanya kwenye mabonde madogo karibu na maji. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, haina rangi, nzito kuliko hewa, inalala chini kama maji. Mtu mzima anaweza kupita amesimama akaona kizunguzungu tu, na mtoto anayetembea pembeni yake akaanguka. Kwa hiyo tunapofika mapema hatukai kwenye shimo wala chini ya mawe, hata kama ndipo penye kivuli. Tunakaa juu, mahali ambapo hewa inapita.

Tarehe 3 Oktoba 2024 nilikuwa nyumbani iliposambaa habari ya Kituku, bandari ya hapa Goma. Mashua ya abiria kutoka Minova ilikuwa imepinduka karibu na bandari, mbele ya macho ya watu waliokuja kupokea ndugu zao. Barabara ilikuwa imefungwa na vita. Watu hawakuwa na njia nyingine ila ziwa. Makumi walikufa. Hawakuwa watu wa matembezi, na sitaki kulinganisha kilio chao na Jumapili yetu. Lakini niliposikia jinsi ilivyokuwa imejaa, nilijua mwilini ukingo ulikuwa umekaa wapi. Mashua iliyopakiwa hadi maji yanakaribia kuingia haihitaji dhoruba. Wimbi ambalo jana lingeipangusa tu ubavuni, leo linaingia ndani. Siku ile sikuandika kitu kwenye daftari, niliandika tarehe tu.

Yaya aliikarabati boti, Mama akakataa kuipanda kwa miaka miwili. Sasa anaipanda. Tunakwenda watu watano, jile tano, zote mwilini kabla ya mota kuwashwa. Tunaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa nne na nusu vyombo vinaoshwa, saa tano tuko njiani, hata anga liwe jeupe kama shuka. Wenzetu wanaotukuta tukirudi wakati wao ndio kwanza wanatoka hutupungia mkono na kucheka. Yaya huwapungia pia, na kila mara huwapigia kelele saa ambayo wanapaswa kuwa wamerudi. Wengi hawasikii kwa sababu ya mota.

Wiki mbili zilizopita yule binti mdogo, ambaye sasa ana umri wa miaka 13, alikuwa anaogelea na hakutaka kutoka. "Shangazi, nusu saa tu," akaniambia. Moshi wa makaa ulikuwa umelala vizuri kuelekea nchi kavu, milima ya Minova ilikuwa wazi hadi juu. Nilikuwa nimeshakunja kitenge. Alitoka majini amenuna, akavaa jile yake, akafunga mikanda yote mitatu, na hakunisemesha hadi tulipofika Himbi.